Rodi, kizuizi au kiti? Ulinganisho wa njia za kurekebisha klachi na pedali za gari la spoti

Wenye magari ya spoti ya gia za mkono hapa Malindi hulalamikia mambo manne. Klachi inashika juu mno na goti linagonga usukani. Au inashika chini kabisa karibu na kapeti, gia ya kwanza ikaingia kwa taabu. Au safari ya pedali ni ndefu, na mguu wa kushoto umeshachoka kabla hujaitoka foleni ya Mtwapa. Au breki na akseleta zimeachana, huwezi kukanyaga breki na kugusa akseleta kwa mguu huo huo unaposhusha gia. Ni mambo manne mbalimbali, lakini gereji mara nyingi huyapa yote dawa moja: fundi anajipenyeza chini ya dashibodi, anazungusha rodi ya klachi (kijiti cha chuma chenye nyuzi kilichofungwa kwenye pedali), kisha anasema, "Haya, jaribu."

Rodi ni dawa nzuri sana pale gari lisipokuwa na kasoro na kinachokukera ni mahali klachi inaposhika, basi. Kwa goti, kwa safari ndefu na kwa nafasi ya breki na akseleta ziko njia nyingine zinazoishinda. Na kama klachi imebadilika yenyewe bila mtu kuigusa, hakuna hata moja kati ya njia hizi inayofaa mpaka ujue kwa nini imebadilika.

Klachi ya kebo na klachi ya mafuta

Anza hapa, kwa sababu ushauri unaofaa gari moja unaharibu jingine. Ford Escort za zamani, jamaa za zile zilizoshinda Safari Rally mwaka 1972 kwa mkono wa Hannu Mikkola na 1977 kwa mkono wa Björn Waldegård, zina klachi ya kebo, yaani pedali huvuta waya. Porsche 911 nazo zilikuwa za kebo hadi 1986. Mwaka 1987 zikaja na gia boksi ya G50 na klachi ya mafuta, ambayo pedali husukuma mafuta badala ya kuvuta waya. Mazda MX-5 ni ya mafuta tangu ilipotoka 1989. Toyota 86 na pacha wake Subaru BRZ, Honda S2000 na Subaru WRX, zote ni za mafuta.

Kwenye kebo, diski (sahani inayounganisha injini na gia) ikilika, vidole vya presha pleti (bamba linaloibana diski) husogea kuelekea beringi inayovisukuma ukikanyaga pedali. Ule mchezo mdogo wa juu ya pedali, yaani nafasi ambayo pedali inasogea bila kufanya kazi, unapungua, na klachi inapanda, inapanda, mpaka inashika karibu na mwisho wa kuinua mguu. Kwa hiyo kuirekebisha kebo ni sehemu ya huduma ya kawaida, kama kubadilisha oili. Usiporekebisha, mchezo unaisha, beringi inaegemea vidole muda wote na klachi inaanza kuteleza.

Klachi ya mafuta hujifuata yenyewe. Diski ikilika, pistoni ya silinda ya chini (ile ya kwenye gia boksi) inajisogeza, na mahali pa kushika hapabadiliki sana. Maana yake ni kubwa: ikiwa mwaka jana ilikuwa inashika katikati na leo inashika karibu na sakafu, rodi haina kosa. Kuna hewa kwenye mafuta, au masta (silinda ya juu, inayosukumwa na pedali) imechoka, au silinda ya chini inavuja. Ukiizungusha rodi utairudisha klachi katikati kwa muda, halafu siku moja pedali italala sakafuni isirudi, nawe uko katikati ya mzunguko wa barabara na tuktuk pande zote.

Pwani jambo hili lina uzito zaidi. Klachi ya mafuta hutumia mafuta ya breki, na mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani. DOT 4, daraja mojawapo la mafuta hayo, ikiwa mpya haichemki chini ya nyuzi 230 za Selsiasi. Ikishanyonya maji kiwango chake cha chini kinashuka hadi 155. DOT 3 ni 205 na 140. Unyevu huo huo hula ukuta wa ndani wa silinda, kutu inaikwaruza mipira, na mipira ikishakwaruzwa inapitisha mafuta. Ushauri wa kawaida ni kubadilisha mafuta kila miaka miwili. Kwa gari linalolala karibu na bahari, mwenye kuuliza namwambia mwaka mmoja, kwa kuwa chupa ya mafuta ni rahisi kuliko masta.

Kipimo cha kuvuja hakihitaji mashine. Ingia chini ya gari, uitafute silinda ya chini ubavuni mwa gia boksi, uvute pembeni kile kifuniko cha mpira kinachozuia vumbi. Ndani panatakiwa pawe pakavu. Ukikuta majimaji meusi, hiyo silinda inavuja hata kama kopo la mafuta la juu bado halijapungua kwa macho. S2000 ziangaliwe kwa makini zaidi. Uundaji wake ulikoma 2009 na sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, kwa hiyo zile za barabarani leo zimekuwa nasi muda mrefu. Mipira yake, isipokuwa iliyobadilishwa, ina umri wa gari lenyewe.

Kiti dhidi ya rodi

Goti likigonga usukani, usimpigie fundi simu bado. Kaa na viatu unavyoendeshea. Kanyaga klachi hadi mwisho: goti libaki limepinda kidogo na mgongo usiachane na kiti. Halafu nyoosha mkono juu ya usukani. Kifundo cha mkono kiangukie juu ya duara bila bega kunyanyuka. Ukilazimika kuchagua kati ya mguu na mkono, mtangulize mguu, kisha rekebisha mgongo wa kiti na usukani.

Tofauti ya kiti na rodi ni kwamba kiti kinasogeza pedali zote tatu kwa pamoja kwa mwendeshaji huyu, na kesho mwingine anakirudisha. Rodi inagusa klachi peke yake na inabaki hivyo kwa kila atakayelishika gari. Gari la mume na mke, au la baba na kijana wake, lirekebishwe kwa kiti kwanza.

Kuna magari yanayokubana hapo. Usukani wa MX-5 za mwanzo hausogei popote, na ule wa kusogezwa mbele na nyuma ulikuja kwenye modeli ya 2019. Mtu mrefu ndani ya MX-5 ya zamani hana ujanja ila kujishusha kitini, na wapo wanaopunguza sponji ya kiti ili makalio yakae chini zaidi. Naona ni bora kuliko kushusha pedali. Ukishuka sentimita mbili kwenye kiti goti linapata nafasi na kichwa kinapata nafasi, na hakuna kitu cha klachi kilichoguswa.

Na viatu, jamani. Makubadhi na ndara ni mavazi yetu, lakini ndara huvuka ukingo wa pedali ikakwama chini yake, na soli nene ya viatu vya mazoezi hula unene ambao fundi alikuwa anautafuta kwa spana. Aliyerekebishiwa pedali akiwa na raba kisha akaendesha kwa makubadhi ataona klachi imehama. Chagua kiatu kimoja cha soli nyembamba yenye kisigino kilichofungwa, ukiache ndani ya gari, na vipimo vyote vifanywe kwa kiatu hicho.

Rodi: inavyofanya kazi na inavyoharibu

Juu ya pedali ya klachi, inapokutana na ukuta wa injini, ipo rodi fupi yenye nyuzi inayoisukuma pistoni ya masta. Ina nati ya kufungia, na kwenye magari mengi ya Kijapani ni ya spana namba 12. Ukiirefusha rodi kuelekea masta, pistoni inaanza kusukumwa mapema, klachi inaachia mapema, na unapoinua mguu inashika juu. Ukiifupisha, mchezo unaongezeka na klachi inashika chini. Milimita moja kwenye rodi mara nyingi ni milimita tano au sita kwenye unyayo, kwa hiyo anayezungusha raundi tatu kwa mkupuo anabahatisha.

Usichanganye rodi na ile bolti inayozuia pedali isipande zaidi. Bolti hiyo, ambayo kwa baadhi ya magari ni swichi ya pedali, inapanga urefu wa pedali ikiwa imepumzika. Urefu hupangwa kwanza, rodi baadaye. Ukipindua utaratibu, utairekebisha rodi mara mbili.

Kazi hii ikifanywa na anayeijua inapendeza kuitazama. Fundi amelala chali, miguu juu ya kiti, kichwa kati ya pedali, tochi mdomoni. Ameweka nukta ya rangi nyeupe kwenye rodi ili ajue alikoanzia. Analegeza nati, anazungusha rodi nusu raundi kwa vidole, hatumii praisi kwa sababu praisi hula nyuzi. Mwenye gari amesimama mbele, boneti wazi, kifuniko cha kopo la mafuta ya klachi kimeondolewa.

"Mzee, nikianza kukanyaga, uniambie mafuta yanatingishika?"

"Yanatingishika."

"Na nikiachia?"

"Tena yametingishika."

"Basi pistoni imerudi yote."

Mazungumzo hayo mafupi ndiyo yanayotenganisha kazi nzuri na mbaya. Ndani ya masta kuna tundu dogo linalounganisha silinda na kopo pale pistoni inaporudi hadi mwisho. Rodi ikiwa ndefu mno, pistoni hairudi yote na tundu linabaki limezibwa. Mafuta yakipata joto la injini yanatanuka, hayana pa kwenda, yanasukuma beringi, na klachi inaanza kuteleza yenyewe bila mguu kuwa juu ya pedali. Ubaya wa kosa hili ni kwamba halionekani gereji. Asubuhi gari liko sawa. Ukifika Kilifi injini inapiga kelele na mwendo hauongezeki. Fundi mwingine atakwambia diski imeisha, nawe utanunua klachi mpya kwa ajili ya raundi moja ya rodi.

Ndiyo maana mchezo haukwepeki. Toyota nyingi zimeandikiwa milimita 5 hadi 15 kwenye pedali, na ndani yake mchezo wa rodi yenyewe ni milimita 1 hadi 5. Gari lako lina vipimo vyake kwenye kitabu cha ufundi; fuata hivyo. Pima kwa rula na kidole kimoja, kidole cha mkono, kwa sababu mguu hauhisi milimita mbili.

Baada ya kukaza nati, majaribio ni mawili. La kwanza, injini ikiwa inaunguruma taratibu, kanyaga klachi hadi mwisho, hesabu sekunde tatu, tia rivasi. Ikikwaruza, klachi haiachii yote: rodi ni fupi mno au kuna hewa. La pili, gari likiwa limeshapata joto barabarani, tia gia ya nne kwenye mwendo wa chini kiasi na ukanyage akseleta kwa nguvu. Mshale wa mizunguko ukiruka huku gari halikimbii, klachi inateleza. Barabara iliyonyooka kuelekea Gede inafaa jaribio hili mapema asubuhi, kabla ya matatu na malori. Mwisho, hakikisha gari bado linawaka kwa klachi kukanyagwa kama lina swichi inayodai hivyo.

Kizuizi: kinapoishinda rodi

Rodi huhamisha mahali klachi inaposhika, lakini safari nzima ya mguu inabaki ile ile. Ikiwa klachi inaachia kabisa nusu ya njia na wewe bado unasukuma hadi sakafuni kila gia, rodi haitakusaidia. Kinachohitajika ni kizuizi: bolti yenye kichwa cha mpira, iliyofungwa nyuma au chini ya pedali, inayoisimamisha kabla haijafika mwisho.

Kwa mtu anayekwenda Mombasa mara kwa mara napenda kizuizi kuliko rodi. Kilomita mia moja na ishirini si kitu. Foleni ndiyo kazi, na mguu ulioacha kusafiri sentimita tatu zisizo na faida unafika na nguvu. Tena kinaziokoa springi za presha pleti zisisukumwe kupita kiasi. Kinaondoka kwa spana moja na gari linarudi lilivyokuwa.

Hatari yake ni upande wa pili wa hatari ya rodi. Rodi iliyozidi hufanya klachi iteleze, na kizuizi kilichozidi hufanya klachi isiachie. Klachi isiyoachia inakwaruza gia, na anayelipa ni gia boksi. Kipange hivi: tafuta mahali rivasi inapoingia bila sauti, kisha mpe mguu sentimita moja au moja na nusu zaidi ya hapo. Akiba hiyo ni ya siku ya joto. Jua la Februari na injini iliyokaa foleni vinabadilisha mafuta na klachi yenyewe, na kizuizi kilichopangwa gari likiwa baridi bila akiba kitakutia aibu Mtwapa. Kama kizuizi kinazuia pedali isiiguse swichi ya kuwashia, kipunguze. Kuiunganisha swichi moja kwa moja kwa waya ni mchezo mbaya kwa gari ambalo mtoto anaweza kulizungusha ufunguo likiwa kwenye gia.

Kwenye 86 na BRZ kuna jambo la tatu: springi ya kusaidia iliyo kwenye pedali. Wengine huitoa ili wahisi vizuri klachi inaposhika. Hisia inakuwa bora kweli, lakini sehemu ya chini ya safari inakuwa nzito zaidi. Wa foleni aiache.

Breki na akseleta

Hapa klachi haihusiki kabisa. Unaposhusha gia ukiingia kona, unataka kidole gumba kiwe juu ya breki na ukingo wa mguu uguse akseleta, ili injini ipande mzunguko kabla hujaachia klachi. Ikiwezekana vizuri, diski na gia boksi hupumzika. Kipimo kifanywe injini ikiwaka na breki ikikanyagwa kwa nguvu, kwa sababu breki hushuka ikibanwa. Ikiwa hapo iko juu kidogo ya akseleta au sawa nayo, uko vizuri. Breki ikizama chini ya akseleta, utakanyaga vyote viwili usipotaka.

Njia ya kwanza ni kifuniko kipana cha akseleta, kinachoifuata breki kwa upande. Ni rahisi na kinaondoka. Kifungwe kwa skrubu na nati zinazopita pedali, kwa kuwa vile vya kubana huhama. Alumini laini bila vipele vya mpira siipendekezi kwetu: mchanga wa ufukweni na unyayo wenye maji huifanya iteleze, na breki si mahali pa kuteleza. Acha breki na mpira wake wa kiwandani, upanue akseleta peke yake.

Njia ya pili ni kuinua akseleta. MX-5 za mwanzo, kabla ya ile ya 2005, zina akseleta ya kebo, na fundi anaweza kuifanyia kazi kwa mkono. Za baadaye, na 86, ni za umeme: ndani ya pedali kuna vihisi vinavyoiambia kompyuta mguu uko wapi. Hizo haziguswi ndani. Huwekwa vipande vya kuinulia nyuma ya bolti zinazoifunga pedali nzima, na kazi imekwisha.

Njia ya tatu, kukunja mkono wa pedali kwa moto au kwa bomba, iko gereji nyingi na mimi naikataa. Chuma kilichopashwa moto hakirudii nguvu yake, na pedali ya breki hubeba uzito wa mtu mzima siku ya dharura.

Kuna na wanaoshusha pedali ya breki kwa rodi yake. Inawezekana, ila inagusa buusta (kifaa kinachouongezea mguu nguvu) na swichi ya taa za nyuma. Breki ikishikiliwa hata kidogo, magurudumu yanapata joto na taa zinawaka safari nzima. Anayeifanya ainue gari baadaye na kuzungusha kila gurudumu kwa mkono. Asiyekuwa na muda wa kufanya hivyo aiache breki kama ilivyo.

Nani achague ipi

Mwenye Escort au 911 ya kebo anayependa vumbi la Marafa: rekebisha kebo mara kwa mara kwa vipimo vya kitabu, weka kebo ya akiba ndani ya gari, sahau kizuizi. Mchezo wako unabadilika kadiri diski inavyolika, na kizuizi kilichofaa mwezi huu hakitafaa mwezi ujao.

Mwenye MX-5 au 86 anayezunguka Casuarina na Watamu jioni, gari halina kasoro, klachi inashika juu kuliko anavyopenda: rodi, nusu raundi, ajaribu siku chache, kisha nusu nyingine kama bado. Hahitaji kizuizi.

Wa Mombasa kila wiki: kiti, kisha kizuizi chenye akiba. Rodi ibaki ya kiwandani.

Aliyenunua gari juzi na hajui historia yake aanze na mafuta mapya ya klachi, yatolewe hewa mpaka yatoke safi bila povu, na kile kifuniko cha mpira cha silinda ya chini kiangaliwe. Mara nyingi klachi iliyokuwa inashika sakafuni hupanda yenyewe hapo. Kisha aangalie nyuzi za rodi. Zikiwa zinang'aa upande mmoja na zimechakaa mwingine, kuna mtu alishaizungusha, na urefu wa kiwandani utafutwe kwenye kitabu kabla ya kitu kingine chochote kufanywa.